Vito vya Bibi Kabla ya Mizani ya Sonara: Mwongozo Kamili wa Kujua Thamani ya Vito vya Kale

Mwanza kila mtu anajua bei ya dhahabu. Geita iko ng'ambo, ukishavuka Kigongo na Busisi. Migodi ya Bulyanhulu na North Mara haipo mbali. Na tangu Juni 2021 mji una kiwanda chake cha kusafisha dhahabu. Hata dereva wa bodaboda pale Nyegezi anaweza kukutajia gramu imefika shilingi ngapi wiki hii. Kwa mchimbaji, ujuzi huo ni mtaji. Kwa mtu aliyerithi kidani cha bibi yake ni hatari, maana swali pekee analoulizwa dukani ni "gramu ngapi?", na jioni yake kidani kimeshaingia kwenye chungu cha kuyeyushia.

Bei ya gramu ni sakafu. Haikuambii kitu kuhusu umri, fundi, jiwe, wala mkono uliovaa. Mwongozo huu unakupitisha kwenye maswali ya kujibu kabla hujamkabidhi mtu chochote. Niseme mapema ili usije ukavunjika moyo baadaye: sehemu kubwa ya vito vya zamani vilivyomo kwenye masanduku yetu thamani yake ni ya madini tu, au madini na kidogo juu. Kazi yako ni kuvitambua vile vichache vinavyozidi hapo, kwa sababu kikishayeyushwa hakirudi.

Neno "kale" nalo liwekwe sawa. Wafanyabiashara wa vito duniani huita cha kale kitu chenye miaka 100 au zaidi. Bangili ya mwaka 1975 ni ya zamani, inaweza kuwa nzuri na hata ghali, lakini haiuzwi kama ya kale. Umri peke yake pia hauleti bei; ziko pete za miaka 120 zilizotengenezwa viwandani kwa maelfu, na leo zinauzwa kwa uzito.

Hatua ya kwanza: usisafishe

Acha majivu, limau, ukwaju na dawa ya meno jikoni. Weusi uliojikusanya kwenye nakshi za fedha ya zamani ndio unaoonyesha kina cha nakshi, na mnunuzi anayejua kazi yake huutafuta. Ukiusugua, umeondoa ushahidi wa miaka, na mara nyingi umelainisha hata muhuri uliokuwa unasomeka kwa shida. Lulu, feruzi na marijani huharibiwa na tindikali ya limau. Mawe yaliyowekewa karatasi ya kung'arisha kwa nyuma, kama kwenye vito vingi vya Kihindi, yakiingiwa na maji hufifia moja kwa moja.

Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kisha piga picha mchana, karibu na dirisha: mbele, nyuma, kifungio, ndani ya pete, na kila alama. Weka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Picha hizi utazihitaji ukimtumia mtu wa mbali, na zitakulinda siku jiwe likibadilishwa dukani.

Hatua ya pili: ijue sakafu

Hapa ndipo bei ya gramu inapofanya kazi yake halali. Karati 24 ni dhahabu safi. Karati 22 ina sehemu 916 kwa 1000, karati 21 ina 875, karati 18 ina 750, karati 14 ina 585, na karati 9 ina 375 tu, yaani zaidi ya nusu ya pete hiyo ni shaba, fedha na vinginevyo. Fedha ya kiwango cha Uingereza ni 925.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, gramu ya dhahabu safi ni shilingi 250,000. Una bangili ya karati 22 yenye gramu 23.40. Zidisha 23.40 kwa 0.916, unapata gramu 21.43 za dhahabu safi. Zidisha kwa 250,000, sakafu yako ni kama shilingi 5,358,000. Hakuna atakayekulipa yote, kwa sababu kuna gharama ya kusafisha na faida yake, lakini sasa unajua anapunguza kutoka wapi. Kabla ya kwenda angalia bei elekezi inayotolewa na Tume ya Madini, au pita soko la madini uulize. Baadhi ya masonara wa zamani bado wanahesabu kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66, uzito uleule wa rupia ya fedha. Akikutajia bei kwa tola, igeuze kuwa gramu papo hapo usije ukapotezwa na namba kubwa.

Je, karati utaijuaje kama hakuna muhuri? Sonara ana jiwe jeusi la kusugulia na tindikali, na maduka makubwa yana mashine ya mionzi isiyokwangua kitu. Nyumbani unaweza kupima uzito kwa ujazo, na ni njia ninayoipenda kwa sababu haiharibu. Unahitaji mizani ya dijitali inayosoma hadi 0.01 ya gramu, glasi ya maji na uzi mwembamba. Pima bangili ikiwa kavu, andika. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga bangili kwa uzi, izamishe yote majini bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Bangili yetu ya gramu 23.40 ikisoma 1.32 majini, jibu ni 17.7, na hapo ndipo karati 22 hukaa. Dhahabu safi ni 19.3. Karati 18 huangukia kati ya 15 na 16, fedha nzuri kama 10.4, shaba 8.9, na shaba ya njano kama 8.5.

Njia hii ina mipaka yake. Kitu chenye uwazi ndani, mawe mengi au hewa iliyonaswa kitakudanganya. Pete ndogo ya gramu 3 nayo itakusumbua, kwa sababu ujazo wake ni kama 0.17 tu, na kosa dogo la mizani linabadilisha jibu zima. Na vito vya Kihindi vyenye mawe yaliyofungwa kwa nyuma usivitie majini kabisa.

Kuhusu hivyo vya Kihindi: vingi vya aina ya kundan vina ganda jembamba la dhahabu lililojazwa lakri (utomvu mgumu kama nta) ndani. Uzito wa mizani ni wa dhahabu, lakri na mawe kwa pamoja. Hapo hesabu ya gramu haina maana kwa pande zote mbili. Ukiuza kwa uzito wote unamdhulumu mnunuzi, naye akikukatia "nusu kwa ajili ya uchafu" anakudhulumu wewe.

Hatua ya tatu: soma mihuri kwa lenzi

Nunua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ni chombo cha bei ndogo kitakachokulipa kuliko vyote. Tafuta alama ndani ya pete, kwenye ulimi wa kifungio, nyuma ya kipini cha bruchi (kito cha kubana kwenye nguo), kwenye pete ndogo ya mwisho wa mkufu.

Mihuri ya Uingereza ndiyo inayosomeka vizuri zaidi, na kwa kuwa ukanda huu ulikuwa chini yao miongo mingi, utaikuta. Mbali na namba ya karati kuna alama ya mji uliopima: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, ngome yenye minara ni Edinburgh. Simba anayetembea ni fedha ya 925. Pembeni huwepo herufi moja inayotaja mwaka, na majedwali yake yanapatikana bure mtandaoni. Jihadhari na kuisoma herufi bila kuangalia umbo la ngao iliyoizunguka, kwani herufi zilijirudia kila baada ya miaka kadhaa kwa umbo jingine. Ukikuta "15" au "625", furahi kidogo: karati 15 iliruhusiwa Uingereza kuanzia 1854 na ikaondolewa 1932, hivyo pete hiyo ina umri wake. Kichwa kidogo cha tai ni dhahabu ya Ufaransa ya karati 18.

Herufi GF, GP, RGP na HGE maana yake ni dhahabu ya juu juu, iwe ya kubandikwa au ya kuchovya. "1/20 12K GF" inasema sehemu moja tu kati ya 20 ya uzito ni dhahabu, nayo ya karati 12. EPNS ni nikeli na shaba iliyopakwa fedha. Ile inayoitwa fedha ya Kijerumani haina fedha hata chembe. Ukiona KDM kwenye kito cha Kihindi, kilehemewa kwa kadimiamu, na ufundi huo ulienea katika miongo ya mwisho ya karne ya 20. Mtu akikuambia kilivaliwa na mama mkubwa aliyekuja na jahazi kutoka Gujarat, mwache aseme.

Kutokuwa na muhuri si kosa. India ilianza utaratibu wa kitaifa wa kugonga mihuri ya dhahabu mwaka 2000 tu, na fedha ya Zanzibar na Oman kwa kawaida haikugongwa kitu. Mafundi wa visiwani na wa mitaa ya Wahindi walijulikana kwa sura, kwa hiyo hawakuona sababu.

Hatua ya nne: ulize umri kwa vitu vidogo

Wauzaji hudanganya kwa nakshi, lakini husahau kifungio. Kipini cha bruchi kinachoingia kwenye ndoano wazi isiyo na kizuizi ni cha kabla au mwanzoni mwa karne ya 20. Hereni za kubana bila tundu zilienea miaka ya 1930. Dhahabu nyeupe ilishika soko baada ya 1910 hivi, kwa hiyo pete ya dhahabu nyeupe "ya mwaka 1880" ni hadithi.

Mawe nayo yana tarehe zake. Tanzanite iligunduliwa Mirerani mwaka 1967. Pete yenye tanzanite haiwezi kuwa ya 1930. Ama jiwe lilibadilishwa, ama pete ni mpya, ama jiwe si tanzanite. Kyubiki zirkonia, jiwe la maabara linaloiga almasi, iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Lulu za duara za kufugwa zilianza kuuzwa kwa wingi miaka ya 1920. Na hili huwashangaza wengi: yakuti bandia imekuwa ikitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hivyo pete inaweza kuwa ya kale kweli, dhahabu yake halali, na jiwe lake jekundu likawa la maabara tangu siku ya kwanza. Kwa lenzi utaona mistari iliyopinda na vitone vya hewa; yakuti ya ardhini haina mistari ya kupinda.

Hatua ya tano: ilitoka wapi, na nani aliifanya

Hii ndiyo hatua yenye utajiri, na ndiyo inayorukwa. Ziwa hili la Victoria limekuwa njia ya bidhaa tangu misafara iliyoleta shanga na nyaya za shaba kutoka pwani. Reli ilifika Kisumu 1901, meli zikaunganisha bandari za ziwa, na reli ya Tabora ikafika Mwanza 1928. Kila njia ilileta aina yake ya kito, nayo bado imo kwenye masanduku ya watu kuanzia Nansio hadi Bukoba na Musoma.

Fedha ya pwani kwanza. Furungu za mguuni, kekee za mkononi, majasi ya sikioni, vikuku vizito, vikasha vya hirizi vyenye minyororo. Malighafi yake mara nyingi ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya gramu 28.07 yenye fedha 833 kwa 1000. Thamani hapa haiko kwenye fedha, kwani fedha ni rahisi. Iko kwenye kazi ya mkono: punje ndogo zilizolehemewa moja moja, nyaya zilizosokotwa, jozi kamili isiyo na pengo. Furungu mbili za jozi moja zina thamani kubwa kuliko mara mbili ya furungu moja, na mnunuzi aliyekupa bei ya moja akisema "nyingine tutaona" anajua anachofanya. Angalia pia upya uliojificha. Nakshi zinazofanana kabisa pande zote zimemiminwa kwenye kalibu, hazikuchongwa, na weusi ulio sawasawa kila mahali, hata pale palipostahili kulika kwa kuvaliwa, umepakwa kwa dawa.

Sarafu zilizogeuzwa vidani zina mitego yake. Riale zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, ila ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20, tena katika miji mingi. Mtu akikuuzia kidani "cha mwaka 1780" kwa sababu kimeandikwa hivyo, mtabasamie. Rupia za Kijerumani za Afrika Mashariki ni fedha nzuri, 917 kwa 1000. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, iliyopigwa 1921 hadi 1946, ina fedha robo tu, 250 kwa 1000.

Pauni ya dhahabu ya Uingereza ina gramu 7.99 kwa karati 22, na utaikuta imening'inizwa kwenye mikufu ya harusi. Halafu iko moja ambayo mtu wa ukanda huu lazima aijue: sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo, na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ni 750 kwa 1000, uzito kama gramu 7.17. Ikiwa halisi na haijaguswa, wakusanyaji huinunua kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu yake. Ikiwa imetobolewa au imelehemewa kishikizo, sehemu kubwa ya ziada hiyo imeondoka. Bandia zake ni nyingi, kwa hiyo usishangilie kabla haijapimwa na mtu wa sarafu. Na ukiikuta bado imo kwenye fremu ya kidani, usimruhusu fundi aitoe kwa moto.

Dhahabu ya Kihindi ni ulimwengu mwingine. Familia za wafanyabiashara wa Mwanza, Musoma na Kisumu zilileta karati 22 nzito, na zilikuwa na masonara wao. Geuza kito upande wa nyuma. Ukikuta minakari, rangi za kuchomwa nyekundu, kijani na nyeupe, zimepambwa hata mahali ambapo hakuna atakayepaona, hiyo ni kazi ya fundi aliyelipwa kwa subira, na bei yake hupanda juu ya gramu. Minakari iliyopasuka hupunguza sana, na kuichoma upya si kazi ya fundi yeyote wa mtaani.

Vito vya Kisukuma na vya wavuvi wa ziwani havina dhahabu, ndiyo maana vinatupwa. Vikuku vya waya wa shaba uliosokotwa kwa mkono, shanga za kioo za biashara, vipande vya gamba la konokono wa bahari vilivyovaliwa na watemi na kuitwa kibangwa. Mizani ya sonara itasema sifuri. Kwa mkusanyaji au makumbusho, kikuku chenye historia inayojulikana kinaweza kuwa na maana kuliko pete ya karati 9. Kabla ya kuuza vitu vya aina hii, nenda Bujora pale Kisesa ukaangalie vilivyohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Wasukuma, ulinganishe na chako, uwaulize. Binafsi nisingeuza kibangwa cha ukoo, ila hayo ni mambo ya ukoo wako.

Hatua ya sita: mawe

Yakuti, zumaridi, almasi na lulu hubadilisha hesabu yote, na ndizo zinazodanganywa zaidi. Kito cha kale chenye almasi mara nyingi kina mkato wa zamani: ama wa waridi, wenye tumbo bapa na mgongo wa pembetatu ndogondogo, ama wa karne ya 19, ambao ukiutazama kutoka juu unaona duara dogo katikati, ncha iliyokatwa. Mkato wa kisasa wenye kumeta ulisanifiwa kwa hesabu mwaka 1919. Fundi atakuambia jiwe lako "limepauka" na kwamba akilikata upya litang'aa. Kataa mpaka lithaminiwe. Kulikata upya kunapunguza uzito na kuua umri, na siku hizi wako wanunuzi wanaolipa zaidi kwa mkato wa zamani kwa sababu ni wa zamani.

Kifaa cha kupima almasi kwa joto kinachotumika madukani hudanganywa na moisanaiti, jiwe la maabara lililoingia kwenye vito mwishoni mwa miaka ya 1990. Lulu isugue taratibu kwenye ncha ya jino: ikikwaruza kama mchanga, ni lulu, ikiteleza, ni kioo au plastiki. Lakini jino halitakuambia kama ni ya kufugwa au ya asili, na tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni kubwa mno. Hilo ni la maabara yenye eksirei. Kwa jiwe lolote unaloamini ni la thamani, cheti cha maabara huru kina nguvu kuliko maneno ya mnunuzi, na gharama yake ina maana tu ikiwa jiwe ni kubwa.

Hatua ya saba: hali yake

Hapa sitachelewa. Pete iliyokatwa ili kuongezwa ukubwa ikapoteza nusu ya muhuri, lehemu ya risasi ya kijivu nyuma ya dhahabu, kucha za jiwe zilizolika, jiwe moja tofauti na wenzake, hereni moja bila mwenzake: kila kimoja kinashusha bei. Kinachovumilika ni kuchakaa kwa kawaida, yaani kingo zilizolainika kwa kuvaliwa. Kisanduku cha duka kilichokuja na kito, hata kikiwa kimechanika, kihifadhi. Na usitengeneze chochote kabla ya kuthaminiwa; mnunuzi wa vito vya kale hupendelea kito kilichovunjika kwa uaminifu kuliko kilichotengenezwa vibaya.

Hatua ya nane: historia inayothibitika

Mwadui iko Shinyanga, safari ya saa chache kutoka hapa. Mwaka 1947 mgodi wa John Williamson ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, naye akamzawadia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaifanya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe lenyewe ni adimu sana, lakini ondoa majina hayo yote, mgodi, mtoaji, mvaaji na fundi, uone ingekuwaje kuuza jiwe hilo bila karatasi hata moja.

Kwa ngazi yetu historia ni picha ya studio ya mwaka 1938 ambayo bibi amevaa kidani hichohicho, risiti ya sonara, barua inayotaja mahari, jina lililochongwa ndani ya pete. Kaa na wazee ungali na nafasi: nani alikinunua, wapi, lini, kilitoka kwa nani kwenda kwa nani. Andika tarehe na majina, msimuliaji atie sahihi. Simulizi tupu hailipwi; simulizi yenye picha hulipwa. Usiipambe pia. Kosa moja la wazi humfanya mnunuzi asiamini hata yale ya kweli.

Hatua ya tisa: bei gani unayoitaka, na soko liko wapi

Kito kimoja kina bei tatu halali. Ya bima ni gharama ya kununua kinachofanana dukani, na ndiyo kubwa. Ya mauzo ni anayotoa mnunuzi aliye tayari kwa muuzaji asiyelazimishwa. Ya kuyeyusha ni sakafu yetu. Kwenye mirathi tumieni ya mauzo kwa vitu vyote. Nimeona ndugu wakigombana kwa sababu mmoja alipewa bangili nzito kwa bei ya gramu na mwingine akapewa bruchi nyepesi kwa bei ya bima, na kila mmoja akiamini ameonewa.

Mwanza ina wanunuzi wengi wa dhahabu na wachache mno wa vito vya kale. Kwa hiyo kito kilekile kinaweza kuwa na bei mbili katika nchi moja. Fedha ya pwani hupata wajuzi zaidi Mji Mkongwe wa Zanzibar. Dhahabu ya Kihindi yenye minakari itafutie wanunuzi Dar es Salaam au Nairobi. Vito vya Ulaya vyenye mihuri vinaweza kuonyeshwa kwa picha kwa nyumba za mnada za Uingereza, na nyingi hutoa makadirio ya awali bila malipo. Hesabu na nauli, bima na kamisheni ya mnada kabla ya kufurahia namba.

Sheria ni sehemu ya thamani. Pembe za ndovu, hata bangili aliyovaa babu wa babu yako, huingia kwenye nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Usiuze, usisafirishe, pata ushauri wa mamlaka ya wanyamapori. Gamba la ng'amba nalo biashara yake ya kimataifa imezuiwa. Vitu vya kale na vya kiasili vinavyotolewa nje ya nchi vinagusa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na huhitaji kibali. Kito kisichoweza kuvuka mpaka kihalali kina soko dogo, na bei yake iendane na hilo.

Hatua ya kumi: siku ya kwenda dukani

Nenda kwa masonara zaidi ya mmoja, siku tofauti, na usianze kwa kusema unauza. "Shikamoo mzee, naomba unisaidie kujua hiki ni nini" hufungua mdomo wa fundi mzee kuliko "hiki shilingi ngapi?" Wengi wao wamerithi kazi kutoka kwa baba zao na watakuambia kwa raha nakshi hiyo ni ya wapi. Kito kisitoke machoni pako. Kikipelekwa chumba cha nyuma "kupimwa", nawe nenda. Hakikisha mizani inaanza kwenye sifuri, na kwamba kinachosomeka ni gramu. Akikwangua kwa ajili ya tindikali, akwangue mahali pasipoonekana, mbali na muhuri.

Anayethamini na anayenunua wasiwe mtu mmoja, ukiweza kukwepa hilo. Ukiamua kuuza, dai risiti yenye maelezo ya kito, uzito, karati, mawe, bei, tarehe, na jina na leseni ya mnunuzi, nawe uwe na kitambulisho chako. Nakala yake ibandike kwenye daftari pamoja na picha ulizopiga hatua ya kwanza. Mnunuzi akisema risiti haina haja kwa kuwa "mama, sisi tunafahamiana", chukua kito chako, mshukuru, uende duka la pili.